Saa ya Ukutani Haioni Ndani ya Tumbo

Waheshimiwa madaktari, ndugu wauguzi na wakunga, wanafunzi wetu, habari za asubuhi.

Kabla ya yote naomba kijana wetu aliyejitolea aje hapa mbele. Yuko mwaka wa mwisho wa masomo, hana kisukari, hana ugonjwa wa tumbo. Hajala tangu jana usiku, na leo hajaonja hata maji. Nusu saa iliyopita nilimtazama tumbo kwa altrasaundi, nikalikuta tupu. Sasa mbele yenu anakunywa maji mililita 400, nimeyapima mwenyewe. Asante, mdogo wangu. Nenda ukakae, nitakuita tena. Ninyi wengine tazameni saa zenu, mkumbuke muda huu.

Nianze na mama mmoja. Alikuwa na kisukari tangu utotoni, anaishi kwa sindano za insulini, na mimba yake ilikuwa imetimia. Alipangiwa kujifungua kwa upasuaji, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya ganzi na usingizi siku hiyo. Nilimuuliza swali tunalowauliza wote: mama, mara ya mwisho umekula saa ngapi? Akanijibu saa 2 usiku. Tulikuwa tunakaribia saa 4 asubuhi. Saa 14 zimepita. Nikaandika kwenye fomu, nikatia alama ya vema, nikaendelea na mengine.

Ganzi ya mgongo ilishika upande mmoja, upande wa pili ikalegalega. Tulipoipima kwa kumgusisha kitu cha baridi tulidhani inatosha. Upasuaji ulipofika ndani, mama akalia kwa maumivu, na hapo hakukuwa na njia nyingine ila kumlaza kwa dawa ya usingizi. Kabla mrija wa hewa haujapita, koo likajaa chakula. Nasema chakula, chenye punje za kuonekana kwa macho, kilichokaa tumboni tangu jana yake. Tuliinamisha kitanda upande wa kichwa, tukafyonza, mrija ukapita, lakini sehemu ya kile chakula ilikuwa imeshatangulia kwenye mapafu. Mtoto alitoka analia. Mama yake alikaa siku 5 chumba cha wagonjwa mahututi, akipumua kwa msaada wa mashine.

Alipona, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapomkumbuka. Nilipokwenda kumwona baada ya mrija kutolewa, sauti bado inakwaruza, aliniambia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyemuuliza. Kwa miezi mingi, akila mchana, usiku bado anajiona ameshiba. Mara nyingine jioni hutapika chakula alichokula asubuhi, kikiwa vilevile alivyokimeza. Alidhani ni mimba tu.

Fomu yangu ilikuwa sahihi kila mstari. Saa zilikuwa sahihi. Tumbo la mama huyu lilikuwa linafuata saa nyingine kabisa, na chombo cha kulitazama kilikuwa kwenye chumba cha pili, wanakipimia mapigo ya moyo wa watoto. Ndiyo sababu nimekubali kuzungumza nanyi leo.

Hofu ya mjamzito kupaliwa akiwa usingizini ni ya zamani. Mwaka 1946 daktari mmoja wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu ya wajawazito 44,016 waliohudumiwa kati ya mwaka 1932 na 1945. Kati yao, 66 walipaliwa na vilivyopanda kutoka tumboni. Wawili walikufa, na wote wawili waliuawa na chakula kigumu kilichowaziba pumzi. Mendelson aliendelea na majaribio kwa sungura, akaonyesha kwamba tindikali ya tumbo ikiingia mapafuni huyaunguza hata kama haina chembe ya chakula ndani yake. Mkumbuke kwamba enzi hizo usingizi wa uzazi ulitolewa kwa kinyago cha usoni, etha na gesi, bila mrija wa kulinda njia ya hewa. Kutoka kwenye andiko lile ulienea utaratibu wa kuwanyima wajawazito chakula, na kwa miongo mingi wanawake walipita leba nzima na midomo mikavu.

Leo tuna kanuni zilizolegezwa kidogo, nanyi mnazijua. Kwa upasuaji uliopangwa, maji na vinywaji vinavyopitisha mwanga vikome saa 2 kabla, chakula chepesi saa 6, chakula chenye mafuta au nyama saa 8 au zaidi. Ni kanuni nzuri. Ila zimejengwa juu ya tumbo linalofanya kazi yake vizuri, na kisukari ni ugonjwa unaoweza kuiharibu kazi hiyo.

Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Tumbo lenye afya husukuma chakula kwa mawimbi yapatayo 3 kwa dakika. Mawimbi hayo huanzishwa na seli maalumu zilizomo ndani ya ukuta wa tumbo, na neva ya vagasi huyapa nguvu na mpangilio. Sehemu ya chini ya tumbo, inayoitwa antramu, ndiyo kinu. Husaga chakula kigumu mpaka chembe zake zifikie milimita 1 au 2, ndipo mlango wa chini unaziruhusu zipite kwenda kwenye utumbo. Kwa hiyo maji huanza kuondoka mara tu yanapofika, ilhali chakula kigumu hukaa kwanza, kisagwe, ndipo kianze safari.

Kisukari cha miaka mingi kisichotulia huila neva. Tumezoea kuzungumzia ganzi ya nyayo, lakini neva za ndani nazo huliwa, na vagasi ni mojawapo. Seli zile za kuanzisha mawimbi nazo hupungua. Kinu kikilegea, chakula kinakaa. Juu ya hilo kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau: hata kama neva ni nzima, sukari ikipanda sana katika damu saa hiyohiyo, tumbo hupunguza mwendo. Kwa hiyo mama anaweza kufika akiwa amefunga saa zote alizoambiwa, lakini kama alilala na sukari ya juu usiku kucha, tumbo lake nalo lilikuwa linajikokota usiku kucha.

Na ujauzito? Hapa nataka kusahihisha jambo linalorudiwa mara nyingi. Ujauzito wenyewe, kabla ya uchungu, haujaonekana kuchelewesha sana tumbo kutoa kilichomo. Linalobadilika ni mlango wa juu. Projesteroni, homoni ya mimba, huulegeza, na mji wa mimba uliokua hulisukuma tumbo juu na kuongeza shinikizo ndani yake, ndiyo maana kiungulia huwasumbua wajawazito wengi. Uchungu ukianza, hasa mama akipewa dawa za maumivu za jamii ya pethidini, hapo ndipo mwendo wa tumbo unapungua kweli. Sasa weka pamoja: mlango wa juu uliolegezwa na mimba, na tumbo lisilotoa mizigo yake kwa sababu ya kisukari. Nadhani mnaelewa kwa nini kundi hili linaninyima usingizi.

Niseme pia kwamba wenye kisukari si wamoja. Mama ambaye sukari yake imepanda katika mimba hii tu hajapata muda wa kuharibika neva, na tafiti zilizolinganisha matumbo ya kina mama wa namna hii na wasio na kisukari hazijaleta jibu moja. Mwenye kisukari cha miaka 10 au 20, hasa ikiwa macho au figo zimeshaguswa, ndiye mwenye sababu nzito zaidi ya kutazamwa. Dalili za macho na figo zinatuambia kwamba sukari imekuwa ikifanya uharibifu kimyakimya sehemu nyingi.

Nije kwenye mashine.

Mwaka 1958 Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, pamoja na wenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha picha za uvimbe wa tumboni zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti. Altrasaundi ya tiba ililelewa katika idara ya uzazi. Ni chombo chetu. Tangu wakati huo tumekipitisha juu ya matumbo ya wajawazito mamilioni kwa mamilioni, tukitafuta mtoto, kondo na maji ya uzazi, na kila mara kichwa cha mashine kilikuwa sentimita chache tu chini ya tumbo la chakula. Hatukukisogeza. Ni miaka ya 2000 na kuendelea ndipo madaktari wa usingizi, wakiwemo Anahi Perlas na wenzake wa Toronto, walipotengeneza njia ya kupima antramu kitandani kwa utaratibu unaoeleweka na kurudiwa.

Namna yake ni hii. Mama huinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi kama 45. Kamwe asilazwe chali sawasawa, maana mji wa mimba utakandamiza mishipa mikubwa ya damu na presha itashuka. Tumia kichwa cha mashine kilichopinda, kilekile cha kupimia mtoto. Kiweke wima chini kidogo ya mfupa wa kifua, katikati, kisha kisogeze taratibu kulia na kushoto. Upande wa mbele utaona ncha ya ini. Nyuma yake kuna kongosho, na nyuma zaidi mshipa mkuu wa damu ukidunda. Antramu iko katikati ya ini na kongosho. Ukilipata ini na ule mshipa, umefika mtaa wenyewe.

Tazama mkao huo kwanza, kisha mgeuze mama ubavu wa kulia, kichwa kikiwa bado kimeinuliwa, utazame tena. Ubavu wa kulia ni wa lazima. Vilivyomo tumboni huteremka kwa uzito wake kwenda kwenye antramu, na maji kidogo ambayo hukuyaona mwanzo yatajitokeza. Mtu akikwambia tumbo ni tupu lakini hakumgeuza mama, hajamaliza kazi.

Utakachokiona hakihitaji macho ya ajabu. Tumbo tupu huonekana dogo, limenywea, kuta zake zimekutana, mara nyingine kama shabaha ya kulengea mishale. Maji huonekana meusi, antramu imetuna na ukuta wake umekuwa mwembamba. Yakiwa yametoka kunywewa, vipovu vya hewa humetameta ndani yake kama nyota. Chakula kilicholiwa karibuni huleta ukungu mweupe upande wa mbele kwa sababu ya hewa iliyomezwa nacho, na nyuma yake huoni kitu. Chakula kilichokaa muda mrefu huonekana kama uji wenye mabonge, mchanganyiko wa kung'aa na giza. Hicho cha mwisho ndicho ningekiona kwa mama yule, kama ningetazama.

Ukiona chakula kigumu, huna haja ya kupima chochote, tumbo limejaa. Ukiona maji tu, kuna ngazi tatu. Ngazi ya 0, tupu katika mikao yote miwili. Ngazi ya 1, maji yanaonekana ubavu wa kulia pekee, na kwa kawaida ni kidogo. Ngazi ya 2, yanaonekana mikao yote miwili, na hapo uwezekano ni mkubwa kwamba yamevuka mililita 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Kiwango hicho ndicho kinachotumika kutenganisha maji ya kawaida ya mtu aliyefunga na tumbo la kutia wasiwasi. Kwa mama wa kilo 70 ni mililita 105.

Wanaopenda hesabu wanaweza kwenda mbele. Pima kipenyo cha antramu cha juu hadi chini na cha mbele hadi nyuma, zidisha viwili hivyo, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 4, umepata eneo. Mwaka 2013 kundi la Toronto lilitoa kanuni iliyolinganishwa na maji yaliyofyonzwa tumboni kwa endoskopi, mrija wenye kamera: mililita ni sawa na 27, jumlisha 14.6 mara eneo la ubavu wa kulia, toa 1.28 mara umri. Kwa mwanamke wa miaka 30 mwenye vipenyo vya sentimita 4 na 3, eneo ni kama sentimita 9.4 za mraba, na jibu ni karibu mililita 126. Kwa kilo 70 hiyo ni 1.8 kwa kilo, imevuka.

Lakini nawasihi, hesabu hiyo isiwapumbaze. Watu waliopimwa kuitengeneza hawakuwa wajawazito. Mjamzito antramu yake imesukumwa na kugeuzwa, na mbavu huweza kuificha. Halafu kuna suala la kilo, ambalo sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Kilo zipi? Mama aliyeongezeka kilo 12 katika mimba amebeba mtoto, kondo na maji. Ukigawanya kwa uzito huo wote, jibu linashuka na kukupa faraja isiyo yake. Mimi kwa mjamzito natanguliza macho: kuna chakula au hakuna, maji yanaonekana mkao mmoja au miwili. Hesabu naiweka nyuma, na nikiitumia natumia uzito wa kabla ya mimba ukijulikana.

Sasa pingamizi, maana nawajua baadhi yenu mmekuja nalo. Mtaniambia: daktari, sisi tumefundishwa kwamba kila mjamzito aliyevuka nusu ya mimba ahesabiwe kuwa ana tumbo lililojaa. Tunampa dawa ya kupunguza tindikali, tunamchoma ganzi ya mgongo, na akihitaji usingizi tunamlaza haraka, kidole kikibana koo, mrija mara moja. Mashine itabadilisha nini?

Ni swali zuri na nimelifikiria kwa miaka. Kwanza, mtu aliyeamini kwamba wote wamejaa huishia kuwachukulia wote sawa, na akiwachukulia wote sawa, siku zote 99 zilizopita salama humlegeza mkono siku ya 100. Mimi nilikuwa mtu huyo. Pili, tumbo lenye chakula kigumu linabadilisha uamuzi wenyewe. Upasuaji uliopangwa na usio na haraka unaweza kusogezwa saa chache, mama akapewa dawa ya kusukuma tumbo kama metoklopramidi, sukari ikashushwa taratibu, kisha atazamwe tena. Tatu, na hili nataka wauguzi wa usingizi walisikie vizuri, linabadilisha tunachofanya ganzi ya mgongo ikikosea. Tunajua sote kishawishi kilichopo. Ganzi haikushika vema, mama anaugulia, daktari mpasuaji yuko katikati ya kazi, mkono unakwenda kwenye dawa ya usingizi, ketamini kidogo, ili apitishe dakika kumi. Nusu usingizi, bila mrija. Kwa mama ambaye umemwona kwa macho yako kuwa tumbo lake limejaa chakula, hutafanya hivyo. Utaita mwenzako mwenye uzoefu mapema, mashine ya kufyonza itakuwa inanguruma karibu na kichwa chake, na ganzi utaipima kwa uvumilivu mkubwa zaidi kabla hujaruhusu kisu kigusane na ngozi.

Upande wa pili wa shilingi nao nausema kwa uzito uleule. Ukiona tumbo tupu, mama bado ni mjamzito. Mlango wake wa juu bado umelegea, koo lake limevimba, na oksijeni yake itashuka haraka kuliko ya mwingine. Akihitaji usingizi, utamlinda njia ya hewa kwa mrija kama kawaida. Picha ya tumbo tupu haimpi mtu ruhusa ya kupunguza tahadhari hata moja.

Na kuna wakati mashine ikae pembeni. Mama anavuja damu, kitovu cha mtoto kimetangulia, mapigo ya moyo wa mtoto yamezama: mchukulie kuwa tumbo limejaa, nenda. Kipimo hiki huchukua dakika chache tu kwa aliyezoea, lakini kuna dakika ambazo si zetu za kutumia.

Kuna jambo moja nalichukulia kwa hisia kali, na mtanisamehe nikipandisha sauti. Nimeona mahali watu wakishasikia kwamba tumbo la mwenye kisukari huchelewa, jibu lao ni kumfungisha zaidi. Saa 12, saa 16, upasuaji ukiahirishwa kwa sababu ya dharura nyingine anaambiwa asile mpaka kesho. Huko ni kumtesa mgonjwa kwa jina la usalama. Huyu ni mtu mwenye insulini mwilini. Sukari yake inaweza kushuka akiwa amelala peke yake kwenye kitanda cha pembeni, jasho linamtoka, hakuna anayemtazama. Na yule wa kisukari cha utotoni, akipunguziwa insulini ovyo kwa kuwa hali, mwili huanza kuchoma mafuta na kumwaga asidi ya ketoni kwenye damu, hatari kwake na kwa mtoto. Kumfungisha muda mrefu hakulitoi bonge la chakula ambalo kinu chake hakiwezi kulisaga. Mama niliyewasimulia alifunga saa 14.

Kwa hiyo mwenye kisukari awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Sukari ipimwe kila saa moja mpaka aingie chumba cha upasuaji, na ikae kati ya milimoli 4 na 8 kwa lita, kutegemea mwongozo mnaoufuata. Maji aendelee kunywa mpaka saa 2 kabla. Jioni ya kuamkia upasuaji ale chakula laini, chenye mafuta kidogo na nyuzinyuzi kidogo, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyokaa zaidi kwenye tumbo legevu. Halafu atazamwe. Nasema atazamwe kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kutomfungisha kupita kiasi na wakati huohuo kutomlaza na chakula tumboni.

Wakunga, ninyi ndio mnaokaa na kina mama hawa kliniki kwa miezi. Sisi wa usingizi tunakutana nao kwa dakika 20. Naomba mtusaidie kwa maswali machache. Anashiba kwa matonge mawili matatu? Anatapika chakula cha saa nyingi zilizopita? Sukari yake inapanda na kushuka bila mpangilio baada ya kula, hata akichoma insulini kwa wakati? Hilo la mwisho ni alama nzuri ya tumbo linalochelewa, kwa kuwa insulini inafika na chakula hakijafika. Anasikia kizunguzungu akisimama ghafla? Mkiandika majibu hayo kwenye kadi yake, mtakuwa mmemwokoa kabla hatujamfahamu.

Kuhusu kujifunza, msiogope. Mwaka 2013 watafiti wa Toronto walifuatilia madaktari wa usingizi waliokuwa wanaanza kujifunza kipimo hiki, wakakadiria kwamba kwa mafunzo na usimamizi mzuri, mtu hufikia usahihi wa asilimia 95 katika kutambua kilichomo tumboni baada ya vipimo kama 33. Mwaka 2019 kipimo hiki kilijaribiwa kwa watu wa kujitolea, wengine wakiwa wamefunga na wengine wamekula, mpimaji hajui nani ni nani. Hakukosa hata tumbo moja lililojaa. Hao nao hawakuwa wajawazito, hivyo msitegemee wepesi uleule kwa mimba ya miezi 9. Anzeni kwa wenzenu wenye afya, kisha wajawazito wasio na haraka, na kila picha iandikwe: saa, mkao, ngazi, jina la aliyetazama. Picha ambayo haikuonekana vizuri nayo iandikwe hivyo, na mama ahesabiwe kuwa na tumbo lililojaa.

Nimesema ya kutosha. Mdogo wangu, karibu tena. Tazameni saa zenu, zimepita dakika ngapi? Karibu 25. Kabla hajalala, kila mmoja akisie moyoni mwake: kati ya zile mililita 400, zimebaki ngapi? Haya, inuka hapa kwenye mto, mabega juu, pandisha shati. Jeli ni ya baridi, vumilia. Sasa geukia ubavu wa kulia, polepole.

Mnaona pale kwenye skrini? Hili la kijivu upande wa mbele ni ini. Ule unaodunda nyuma ni mshipa mkuu. Na hili duara jeusi katikati yao, ukuta mwembamba, linapanuka na kujibana, ndiyo antramu yake na hayo ndiyo maji yake. Ngojeni wimbi lipite ndipo tupime, maana ukipima wakati inajibana utapata jibu dogo kuliko ukweli. Limepita. Dada pale mstari wa mbele, wewe mkunga, njoo ushike kichwa cha mashine. Tuanze na wewe.